Kifua Kikuu na Amana ya Afya

Hotuba ya Kwanza

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyetupa pumzi tusiyoilipia, na afya ambayo hatuijui thamani yake mpaka ituondoke. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya. Enyi Waislamu mliohudhuria hapa, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani kwa redio, tunajiusia nafsi zetu na tunakuusieni nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu. Katika kumcha Mungu ni kuzitunza amana zake, na mwili wa mja ni amana. Leo tumekusudia kusema juu ya maradhi ya kifua kikuu, na hasa juu ya swali tunaloulizwa mara kwa mara: kwa nini maradhi haya humshika huyu yakamwacha yule, ilhali wote wamelala katika nyumba moja?

Swali hili si dogo, kwa kuwa majibu yanayotolewa mitaani yamewadhuru watu. Wako wasemao kuwa ni maradhi ya ukoo, na kwa ajili hiyo posa za vijana zikavunjwa. Wako wasemao kuwa mgonjwa amerogwa, na fedha za nauli ya hospitali zikaishia kwa wapiga ramli. Tena wako wasemao kuwa ni adhabu ya madhambi yake, wakamwacha peke yake chumbani. Hakuna hata moja katika haya lililo sahihi.

Mnamo tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari wa Kijerumani Robert Koch alitangaza kuwa amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Kijidudu hicho husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kusema au kuimba, hutoa chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo huelea katika hewa ya chumba, na aliye karibu huzivuta kwa pumzi. Hazipiti katika sahani, wala kikombe, wala nguo, wala kupeana mikono. Hata hivyo, katika nyumba nyingi mgonjwa hutengewa sahani yake na kikombe chake, kisha dirisha la chumba anacholala pamoja na watoto likabaki limefungwa. Hivyo tunamwumiza moyo bila kumkinga mtu yeyote.

Wala si kila aliyekivuta kijidudu hiki anaugua. Wataalamu wanakadiria kuwa kiasi cha robo moja ya watu wote wa dunia wanacho mwilini. Katika kila watu 100 wa namna hiyo, ni 5 hadi 10 tu ambao maradhi yatawadhihirikia katika umri wao. Wengine hubaki nacho kimelala, kimezuiwa na kinga aliyoijaalia Mwenyezi Mungu ndani ya miili yetu, nao hawaugui wala hawamwambukizi mtu. Basi jibu la swali letu limo humo: ni mambo gani yanayoidhoofisha kinga hiyo, au yanayomzidishia mtu kukivuta kijidudu?

La kwanza ni kukaa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, mahali penye watu wengi na hewa kidogo: chumba kimoja cha familia nzima, bweni, gereza, na darasa lililofungwa. Hatari ya kuugua huwa kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo baada ya kuambukizwa.

La pili ni umri. Watoto wa chini ya miaka mitano huugua kwa haraka na kwa ukali. Chanjo ya BCG, ambayo ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1921, huwakinga wadogo na aina zilizo kali, kama vile ile inayoshika utando wa ubongo. Lakini haitoshi kumkinga mtu mzima. Wazee nao kinga zao hupungua.

La tatu ni virusi vya UKIMWI. Mwenye navyo, hatari yake ya kuugua kifua kikuu huzidi ya asiye navyo kwa zaidi ya mara 10. Na dawa za kufubaza virusi huipunguza hatari hiyo. La nne ni kisukari, ambacho huizidisha hatari kwa mara mbili au tatu. La tano ni utapiamlo, kwani mwili uliokosa chakula hukosa silaha. La sita ni tumbaku na ulevi. Pombe dini yetu imekwisha iharamisha. Na hao wavutao sigara barazani baada ya swala, na wajue kuwa moshi huo huyafungulia maradhi mlango. La saba ni vumbi la mawe, linaloyatia makovu mapafu ya wachimbaji. Na hili limewapata ndugu zetu katika machimbo ya tanzanite huko Mirerani. Kadhalika wako wanaotumia dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa sababu ya maradhi mengine. Hao na waulize waganga wao.

Ndugu zetu, sababu hizi aghalabu hukutana kwa mtu mmoja. Maskini hulala chumba kimoja na watu sita, hula mlo mmoja, na hufanya kazi katika vumbi. Je, hapo tumlaumu yeye kwa kuugua, au tujilaumu sisi majirani zake kwa kulala tumeshiba? Tena yuko mtu asiye na hata moja katika haya, naye akaugua. Kujua sababu za hatari ni kwa ajili ya kukinga na kuwahi. Si kwa ajili ya kumhukumu mtu.

Nasi hatuyasemi haya kama watu tuliosalimika na makosa. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo kimoja tulichokuwa tukikisimamia, alikuwako mwalimu aliyekohoa tangu Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, hadi Mfunguo Tisa. Watoto walikaa majamvini goti kwa goti, katika chumba chenye dirisha moja, nalo tulilifunga kwa sababu ya kelele za barabarani. Tulipomwuliza, alisema ni vumbi la chaki. Tukampa asali, tukamwombea dua, tukadhani tumemtimizia haki yake. Alikwenda hospitali siku alipoona damu katika makohozi. Watoto wawili walikutwa wameugua, na wenzao wadogo wakapewa dawa za kuwakinga. Wote walipona, alhamdulillahi. Mwalimu naye alipona, lakini mapafu yake hayakurudi kama yalivyokuwa. Leo hawezi kusoma juzuu moja asipumzike mara tatu. Mwuguzi aliyekuja kutazama chuo alitutaka tulifungue lile dirisha, tukakuta komeo limeshika kutu. Hatukuwa na la kumjibu. Asali ilikuwa njema na dua ilikuwa njema, lakini tulikuwa tumeiacha sababu, na kuiacha sababu si kumtegemea Mwenyezi Mungu.

Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa njiani kuelekea Sham, akapata habari kuwa huko kumezuka tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (R.A.) akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu; naye akamfahamisha kuwa wanatoka katika kadari yake na kuingia katika kadari yake. Mtume wetu (S.A.W.) naye ametuamrisha tujitibu, na akatufahamisha kuwa hapakuteremshwa maradhi ila yameteremshiwa dawa.

Tunayasema haya, nasi tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe sisi na nyinyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

Hotuba ya Pili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Enyi Waislamu! Dawa ya maradhi haya ipo, na nchi yetu ina historia katika jambo hili. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ambao Dakta Karel Styblo alishiriki katika kuujenga. Na utaratibu uliothibiti hapa, wa kumsimamia mgonjwa mpaka amalize dawa, Shirika la Afya Duniani lilikuja kuueneza ulimwenguni katika miaka ya 1990. Matibabu hayo hutolewa bure katika vituo vya serikali.

Basi yatupasa mambo haya. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au mwenye homa za jioni, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au damu katika makohozi, na aende akapimwe, asingoje. Nyumba iliyopata mgonjwa, wote waliomo wapimwe, na watoto wadogo watangulizwe, kwani iko dawa ya kumkinga ambaye hajaugua. Mwenye virusi vya UKIMWI au kisukari asione haya kusema kwa mganga.

Aliyekwisha kuanza dawa na azimalize. Matibabu ya kawaida ni ya miezi sita, na wengi hujiona wamepona katika mwezi wa pili wakaacha; ndipo maradhi yakarudi yakiwa sugu. Akiona mkojo umegeuka rangi ya chungwa asiogope, kwani ni kazi ya mojawapo ya dawa hizo. Wala Ramadhani isiwe sababu ya kuacha: mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, na ambaye mganga amemwambia kuwa saumu haitamdhuru, na ameze dawa zake kwa saa atakayoelekezwa.

Mgonjwa azibe kinywa akohoapo. Aghalabu baada ya wiki chache za dawa sahihi hamwambukizi tena mtu. Basi mpelekeeni chakula, mzungumze naye, na mumrudishie sahani yake katika sinia la wote. Nanyi wenye vyuo, mabweni na misikiti, mtakaporudi leo, yatazameni madirisha yenu.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, uwape nguvu wanaowauguza, uwabariki waganga na wauguzi, na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosikia maneno wakayafuata yaliyo mema. Amin.