Gunia, Ugali na Mbwa Aliyetulia

Leo tuzungumzie yule mbwa wa bomani anayebweka tangu magharibi hadi majogoo, na kumrukia kila mtoto anayepita na mtungi wa maji.

Wengi wetu humtupia jiwe. Naomba tuache. Jiwe humzidishia woga, na mbwa mwenye woga ni mwepesi wa kuuma.

Tandika gunia kuukuu chini ya mwembe. Kata ugali uliopoa vipande vidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Kaa karibu, usimwamuru. Akilala mwenyewe kwenye gunia, weka kipande kimoja katikati ya miguu yake ya mbele, polepole. Akishusha kichwa, kingine. Akishusha pumzi na kulegea mwili, kingine tena. Akiinuka, usimkaripie; ngoja tu. Dakika tano kila jioni zinatosha, kwa maana mbwa hurudia kile kinachomfaidi.

Mzoeshe pia kuguswa shingoni, ugali ukiwa mkononi. Siku ya chanjo atashikika bila vurugu, na hilo si dogo: tangu 2014 Kenya ina mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake.

Lakini mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate na kuuma ovyo, usimkaribie. Mwarifu afisa wa mifugo. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.