Mizizi Kwanza: Kuilinda Bonsai Katika Baridi Kali



Tarehe 30 Januari 2019, joto katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, lilishuka hadi takriban nyuzi 31 za Selsiasi chini ya sifuri. Misonobari ya nchi za baridi, ikiwa imeota ardhini, huvumilia hali ya namna hiyo. Msonobari uleule ukiwa bonsai, ukaachwa juu ya meza yake bustanini, waweza kufa kabla baridi haijafika hata nusu ya hapo. Hoja yangu ni kwamba kinachohitaji ulinzi ni mizizi, matawi yanajimudu.

Ardhini, baridi hupenya kutoka juu tu, tena polepole, kwa kuwa udongo wa chini bado una joto. Chungu cha bonsai hakina kina, na baridi hukishambulia kutoka kila upande. Isitoshe, mizizi haijaumbwa kustahimili kama matawi: ile michanga ya miti mingi huanza kufa kati ya nyuzi 5 na 10 chini ya sifuri.

Muuaji wa pili ni kiu. Udongo ukiganda, mizizi haiwezi kunyonya maji, ilhali upepo na jua vinaendelea kuyakausha majani ya mireteni na misonobari. Ndiyo maana tunamwagilia kabla baridi haijafika. Udongo wenye unyevu hupoa taratibu, na maji yenyewe hutoa joto kidogo yanapoganda. Wanaouacha udongo mkavu wakidhani wanauepusha mti na barafu wanauumiza.

Kwa hiyo teremsheni vyungu mezani. Vizikeni hadi ukingoni mahali pasipopigwa na upepo, kisha vifunikeni kwa matandazo ya maganda ya miti. Theluji ikianguka juu yake, iacheni. Ni blanketi la bure.

Baridi ikizidi kinga hiyo, panahitajika banda lisilopashwa moto sana. Bustani ya miti ya Arnold Arboretum, mjini Boston, ina miti ya bonsai ambayo Larz Anderson, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Japani, aliinunua mwaka 1913. Mingine ilikwishapita miaka mia wakati huo. Wakati wa baridi huwekwa katika chumba cha matofali ya saruji, joto likidhibitiwa lisipande sana juu ya sifuri. Sioni mfano bora zaidi: miti ya thamani hiyo haijawahi kuhitaji sebule.

Sebule, kwa kweli, ndiyo kosa la huruma. Mti wa nchi za baridi lazima ulale. Ukiwekwa kwenye joto Desemba, utachipua kabla ya wakati na kumaliza akiba yake. Fikasi na miti mingine ya tropiki ni habari tofauti. Hiyo iingie ndani mapema, kabla ya usiku wa kwanza wa barafu.

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni Machi. Siku chache za joto huuamsha mti, nao hupoteza ukakamavu wake. Usiku mmoja wa nyuzi 6 chini ya sifuri baada ya hapo waweza kudhuru kuliko Januari nzima. Wekeni vyungu kivulini ili miti ichelewe kuamka, fungueni mlango wa banda mchana wa jua, na matandazo msiyaondoe yote kwa siku moja.