Mfamasia Atoke Dirishani
(Hotuba mbele ya wanachama wafanyao kazi hospitalini)



Dawa ikikosewa wodini, wa kwanza kuitwa ofisini ni nesi, maana mkono wake ndio uliotoa dawa. Nani aliyeiandika, hilo huulizwa baadaye, au haliulizwi kabisa. Leo nataka tuzungumze habari za mtu awezaye kulizuia kosa kabla halijamfikia nesi, naye ni mfamasia.

Wengi wetu twamjua kuwa mtu wa dirishani: apokea karatasi, ahesabu vidonge. Lakini karatasi ikifika kwake, daktari amekwisha kata shauri na kwenda zake. Mfamasia hamwoni mgonjwa, wala hajui kama figo zake zafanya kazi. Chukueni gentamisini. Hutoka mwilini kwa njia ya figo, na figo zikiwa mbovu hujikusanya, yaweza hata kumfanya mtu kiziwi. Au methotreksati, ambayo mgonjwa wa viungo huinywa mara moja kwa wiki. Akiandikiwa kila siku, yaweza kumwua. Na karatasi yenyewe yasomeka vizuri kabisa!

Huko Boston, Marekani, katika Massachusetts General Hospital, walimtoa dirishani. Mfamasia alifuatana na madaktari katika wodi ya mahututi, wakipita kitanda kwa kitanda. Habari zake zilichapwa mwaka 1999. Madhara yatokanayo na dawa kuandikwa vibaya, yale yawezayo kuzuiwa, yalipungua kutoka 10.4 hata 3.5 kwa kila siku 1,000 za kulaza wagonjwa. Tena katika mashauri 366 aliyowapa madaktari juu ya dawa walizoandika, walikubali 362. Mimi naona hesabu hii ya pili ndiyo kubwa, maana kwetu husemwa daktari haambiwi neno.

Wako watakaosema hakuna fedha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba makosa ya dawa hugharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka. Na Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha shahada ya pili ya kazi hii hasa. Kumsomesha mtu hivyo, kisha kumrudisha kuhesabu vidonge, ni hasara tupu.

Basi tukikaa na waajiri, tudai mfamasia apite na madaktari kila asubuhi, kuanzia wodi ya mahututi na ya watoto. Na kosa likitokea, uchunguzi uanze na karatasi ya daktari, halafu ndipo nesi aitwe.