NGUO IKIPOTEA DUKANI, NANI ALIPE?

(Mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wanachama wa Ziwa. Twayachapa hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)



Twajua wengi wenu mmeshuka sasa hivi kwenye matatu kutoka Eldoret, baada ya kusimama dukani kutwa nzima. Wengine mmeacha cherehani barazani na mahindi shambani. Basi hatutawachosha. Neno letu ni moja: nguo ikipotea dukani, nani alipe?

Twauliza hivi kwa sababu ya dada yetu mmoja wa hapa Ziwa, auzaye nguo katika duka moja mjini. Jina lake hatulitaji, wala la duka. Mwisho wa mwezi mali ilihesabiwa, ikaonekana magauni 4 hayapo. Kila gauni bei yake ni shilingi 2,500. Tajiri hakuuliza nani alikuwa zamu, wala nani aliacha mlango wa nyuma wazi. Alichukua shilingi 10,000, akazigawanya kwa wauzaji 5, kila mmoja akakatwa 2,000. Dada huyu alikuwa mgonjwa kitandani siku 6 za mwezi ule, na cheti cha daktari anacho. Alikatwa vilevile. Alipouliza, aliambiwa kwamba asiyetaka kazi aende zake, wako wengi nje wanaoitaka.

Tena angalieni jambo hili. Walikatwa kwa bei ya kuuzia, si kwa bei ambayo tajiri alinunulia. Maana yake tajiri alipata faida hata kwa gauni lililoibwa! Kwake yeye mwizi alikuwa mteja mzuri kuliko wote, kwa kuwa hakuomba kupunguziwa bei.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mfanyi kazi kukatwa kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, ikiwa ni kwa kosa lake mwenyewe alilolifanya kwa kusudi. Upungufu wa fedha nao waweza kukatwa kwa yule ambaye mkataba wake wasema wazi kwamba amekabidhiwa fedha, na ikiwa zimepungua kwa uzembe wake au kwa kukosa uaminifu. Tena makato yote pamoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Hakuna mahali sheria inaposema kwamba kosa la mmoja, au la mtu asiyejulikana, ligawanywe kwa wote kama nyama ya sherehe.

Kifungu cha 20 chasema mfanyi kazi apewe karatasi ya mshahara ionyeshayo kila kilichokatwa na sababu yake. Lakini kibarua wa siku hana haki hiyo, na hapo ndipo penye hila. Matajiri wengine hupenda tuitwe vibarua mwaka baada ya mwaka, ili pasiwe na karatasi wala mkataba. Ndugu, kifungu cha 37 chasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, huyo si kibarua tena. Mkataba wake huhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Mwenye miaka 2 nyuma ya meza ya duka asikubali kuitwa mtu wa leo na kesho.

Sasa tuseme juu ya mteja, maana naye huumizwa kwa mikono yetu. Baadhi yetu tumeagizwa kupiga pasi nguo za mitumba, kuzitia kwenye mfuko wa nailoni na kusema ni mpya. Wengine tumeagizwa kuandika bei ya 3,000 kisha kuifuta kwa wino mwekundu na kuandika 1,500, ingawa nguo ile haijauzwa 3,000 hata siku moja. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 yakataza kusema kitu ni kipya na hali si kipya, na kusema pana nafuu ya bei ambayo haipo. Mitumba si aibu. Wengi wetu ndiyo tunayoivaa. Aibu ni uongo. Na mteja aliyedanganywa harudi kumgombeza tajiri. Hutugombeza sisi.

Nguo hupita mikono mingi kabla ya kufika dukani. Sisi wa Eldoret twalijua hilo, kwa kuwa tuna kiwanda cha Rivatex, kilichoanzishwa katika miaka ya 1970, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kufunguliwa upya mwaka 2019. Lakini nguo nyingi tunazouza zatoka ng'ambo, na huko nako hasara husukumwa chini kwa mnyonge. Huko Bangladesh, karibu na mji wa Dhaka, lilikuwako jengo liitwalo Rana Plaza. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zake zilionekana zimepasuka. Benki iliyokuwa chini haikufungua siku ya pili. Washonaji wa juu waliamriwa kuingia kazini, kwa sababu nguo za maduka ya Ulaya zilitakiwa upesi. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka, watu 1,134 wakafa. Kamba hukatikia pabovu.

Kisha nini kilifanyika? Mwezi wa Mei mwaka ule ule, vyama viwili vya kimataifa, IndustriALL cha wafanyi kazi wa viwanda na UNI, ambacho ndani yake wamo wauzaji wa maduka kama sisi, vilifanya mapatano na makampuni ya nguo juu ya usalama wa majengo. Mwisho makampuni zaidi ya 200 yalitia sahihi. Muuzaji wa Ulaya na mshonaji wa Bangladesh hawajuani kwa sura, lakini walisimama pamoja. Je, sisi watano wa duka moja twashindwaje?

Basi twawaomba mambo manne. Kwanza, mali ihesabiwe mbele yenu mwanzo na mwisho wa zamu, na hesabu iandikwe na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Pili, msitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali deni bila kuisoma na kumwita mjumbe wa chama. Ukitaka kufukuzwa kwa kosa, kifungu cha 41 chakupa haki ya kuelezwa kosa lako na kujitetea mbele ya mwenzako au mjumbe wako. Tatu, ukikatwa bila haki, usinung'unike kwenye matatu tu. Andika tarehe na kiasi, ulete kwa chama, twende pamoja Ofisi ya Kazi. Nne, na hili ni letu wenyewe: asiwepo kati yetu amfichaye mwizi, wala ampaye rafiki nguo kwa mlango wa nyuma. Anayeiba anawakata mishahara wenzake, na kumpa tajiri fimbo ya kutupigia sote.

Dada yetu hakwenda peke yake. Wote watano wameleta majina na hesabu zao, na barua ya chama imekwisha pelekwa kwa tajiri ikitaka shilingi 10,000 zirudishwe. Jibu bado. Tutawaarifu katika gazeti hili, liwe jema au baya.

Kidole kimoja hakivunji chawa.