OLIGARKIA: WACHACHE NI AKINA NANI?



Neno tulilopewa kulifafanua ni oligarkia. Asili yake ni Kigiriki: oligoi ni wachache, na arkhe ni mwanzo, ukuu, tena utawala. Hilo la pili ndilo "mwanzo" unaofungua Injili ya Yohane.

Hata hivyo, kusema "utawala wa wachache" hakutoshi. Aristotle, katika karne ya nne kabla ya Kristo, alifundisha kwamba kinachotenganisha oligarkia na demokrasia si idadi bali ni mali na umaskini. Wenye mali wakitawala kwa faida yao, hiyo ni oligarkia, hata kama wangekuwa wengi. Aliandika pia kwamba kuchagua viongozi huhesabiwa kuwa desturi ya oligarkia. Ya demokrasia ni kuwapata kwa bahati nasibu. (Kura yetu ilikuwa na maana hiyohiyo zamani, ndivyo alivyopatikana Mtume Mathia.) Linashangaza, lakini tuziangalie chaguzi zetu.

Azimio la Arusha, mwaka 1967, lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba ya kupangisha. Hapa Kariakoo, penye nyumba za wapangaji kila mtaa, uzito wa sharti hilo la mwisho haukuhitaji kuelezwa. Masharti yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mwaka uliofuata ukaja mfumo wa vyama vingi, na fedha zikakutana na kura.

Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ilirekebishwa, ikatamka kwamba ukarimu wa kawaida au wa kimila wa mgombea, ukifanywa kwa nia njema, hauhesabiwi kuwa rushwa. Ukaitwa takrima. Neno la heshima kabisa, na ndiyo sababu lilifaa kwa kazi hiyo. Kama mkono mtupu haulambwi, mama lishe wa Kariakoo angegombea na nini?

Asasi tatu za wanasheria zilifungua shauri Mahakama Kuu, Dar es Salaam. Aprili 2006 majaji walitamka kwamba vifungu vya takrima vinakiuka Katiba, kwa kuwa vinambagua mgombea asiye na kipato na kumnyima mwananchi haki ya kuchagua kwa uhuru.

Vifungu vilibatilishwa, ila swali la "amekuja na nini?" bado tunalisikia mgombea anapofika. Tunaomba kila jumuiya ndogondogo ilijadili, ikianzia na chaguzi za halmashauri zetu za walei.