Nyota Zilizoshonwa kwa Sindano

Leo tunazungumza juu ya mbingu, lakini chombo chetu si darubini, bali ni sindano na uzi.

Huko Marekani, majira ya baridi yakifika, watu hujifunika mfarishi, yaani nguo mbili zilizowekewa pamba au sufu katikati, kisha zikashonwa pamoja kwa mishono mingi ili ile pamba isisogee. Juu yake mshonaji hupanga vipande vya nguo vya rangi mbalimbali. Wengi hupanga maua au miraba. Wanawake wawili ninaotaka mwajue walipanga nyota.

Wa kwanza ni Ellen Harding Baker wa jimbo la Iowa. Mfarishi wake wa sufu una mwaka 1876 uliotariziwa juu yake. Urefu wake ni karibu futi 9, na upana wake futi 7 na zaidi. Katikati ameweka jua, na kulizunguka ameshona njia za sayari, duara ndani ya duara, Mshtarii na miezi yake, na pembeni nyota yenye mkia. Kwa nini kitu kikubwa hivyo? Kwa sababu Bibi Baker alikuwa akifundisha watu elimu ya nyota, na mfarishi ndio uliokuwa ramani yake. Hata aliyeketi nyuma kabisa aliweza kuuona. Sisi tunaofundisha watu wazima twajua thamani ya jambo hilo: picha ndogo ya kitabuni ikipitishwa mkono kwa mkono, ifikapo kwa mtu wa ishirini mwalimu amekwisha kuingia katika somo jingine.

Wa pili ni Harriet Powers. Alizaliwa utumwani mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, na utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 alikuwa mtu mzima mwenye watoto. Mwishoni mwa karne ile alishona mfarishi wenye picha 15. Nyingi ni habari za Biblia, lakini moja ni ya usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka. Hebu hesabu mwenyewe: ni miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake. Basi aliisikia habari ile kwa wengine, akaiweka moyoni, hata akaishona baada ya miaka 60. Alieleza kwamba watu walidhani mwisho wa dunia umefika, na mkono wa Mungu ukazizuia nyota.

Vilikuwa vimondo, wala si nyota zenyewe. Iko nyota yenye mkia inayolizunguka jua mara moja kila miaka 33 hivi, nayo huacha vumbi njiani. Dunia ikipita katika vumbi hilo, chembe zake huingia hewani kwa kasi kubwa mno, zikapata moto na kung'aa. Karibu na tarehe 17 Novemba ya mwaka wo wote, amka saa tisa ya usiku utazame upande wa mashariki. Huenda ukaona vichache. Mwaka 1833 vilikuwa maelfu kwa maelfu. Picha nyingine ni ya siku ya giza, tarehe 19 Mei 1780. Hiyo nayo ilikuwa na sababu yake: moshi wa misitu iliyoungua.

Kabla ya mfarishi huo Harriet alikuwa ameshona mwingine. Mwaka 1886 ulionyeshwa katika maonyesho ya pamba mjini Athens, na mwalimu wa uchoraji, Bibi Jennie Smith, akataka kuununua. Harriet akakataa kabisa. Miaka michache baadaye shida ikambana. Akaja kwa gari la ng'ombe, mfarishi mapajani umefungwa katika gunia, akataka dola 10. Bibi Smith alikuwa na dola 5 tu. Harriet akatoka kushauriana na mumewe, kisha akakubali. Lakini kabla ya kuondoka alieleza maana ya picha moja moja, na mnunuzi akayaandika maneno yake. Ndiyo sababu twazijua habari zake hata leo. Baada ya hapo alirudi mara kadhaa nyumbani kwa Bibi Smith, kuutazama tu.