Breki za Nyuma Kwanza: Kuitayarisha Pikapu Kuukuu Kuvuta Boti Pwani ya Tiwi

Mada kwa semina ya mafundi wa magari na manahodha, Tiwi, Kaunti ya Kwale



Kusi ikianza kuvuma, boti za faiba hupandishwa kutoka ufukweni Tiwi na Diani zikapigwe rangi, au zipelekwe kwa mafundi wa Mtwapa. Kaskazi ikirudi zinateremshwa tena, na baadhi huvutwa kilomita 50 na ushei hadi Shimoni kwenda kubeba wageni wa hifadhi za bahari za Kisite na Mpunguti. Kazi hiyo hufanywa na pikapu zilizokwisha kuliwa na chumvi: Hilux za dizeli za miaka ya 1990, Isuzu, hata Peugeot 504 moja moja ambayo bado inakataa kustaafu. Injini zao sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni breki, na hasa breki za nyuma, ambazo kwa desturi yetu hutazamwa mwisho au hazitazamwi kabisa.

Mwenye gari huja gereji akilalamika kwamba boti inamsukuma. Fundi hufungua magurudumu ya mbele, akatia padi mpya, akaongeza mafuta ya breki, kisha gari likajaribiwa tupu, bila trela. Linashika, pesa inalipwa. Siku ya pili gari linafungwa boti, na malalamiko ni yaleyale. Padi zile hazikuwa na kosa. Ugonjwa ulikuwa nyuma, na nyuma hakuna aliyefika.

Tuanze na hesabu. Tuchukulie pikapu ya kilo 1,600 na boti pamoja na trela lake kilo 1,200. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, breki za pikapu tupu zinapaswa kugeuza takriban kilojuli 222 ziwe joto ndipo gari lisimame. Fungia boti, zinakuwa 389. Ongeza mwendo hadi 80, zinafika 691, yaani zaidi ya mara tatu ya zile za mwanzo. Uzito huongeza kazi kwa kiasi chake, lakini mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi huzidi mara nne. Nalitaja hili kwa sababu tangu barabara ya Dongo Kundu itokee Kibundani, boti ya kwenda Mtwapa hailazimiki tena kungoja feri ya Likoni, na dereva aliyeokoa muda wa foleni ana hamu ya kuuokoa zaidi kwa mguu wa kulia.

Sasa kwenye kiini cha mada. Chini ya Hilux nyingi za zamani, karibu na ekseli ya nyuma, kuna vali iliyoungwa na ekseli kwa fimbo ya springi. Vali hii hupima gari limekaa chini kiasi gani. Gari likiwa tupu, sehemu ya nyuma iko juu, na vali hupunguza mafuta yaendayo kwenye breki za nyuma ili magurudumu yasikwame na gari likageuka ubavu. Likipakiwa, sehemu ya nyuma hushuka, fimbo husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zifanye kazi kwa nguvu. Ni fikra nzuri sana, na sisi tumeiharibu kwa mikono yetu. Mwenye pikapu ya kubeba mchanga au nazi huona gari linalala, anaongeza vyuma viwili vitatu vya springi. Gari linainuka. Vali haijui habari ya springi mpya. Inachoona ni gari lililo juu, kwa hiyo inaamini ni tupu siku zote, hata likiwa na boti ya tani nzima nyuma yake. Breki za mbele zinabeba karibu kazi yote, zinapata moto, na zile padi mpya zinaisha kabla ya msimu kuisha.

Nimeona suluhisho la kuifunga fimbo hiyo kwa waya ibaki juu daima. Hilo ni hatari ya upande wa pili: siku gari likiwa tupu na mvua imenyesha, magurudumu ya nyuma yatakwama kwanza, na pikapu itazunguka. Njia iliyo sawa ni kupandisha au kurefusha mahali pa kushikia fimbo kwa kadiri gari lilivyoinuliwa, na kupima presha ya mbele na nyuma kwa geji. Asiye na geji ajaribu gari kwenye uwanja mtupu wa changarawe, kwa mwendo wa kilomita 30, akanyage kwa nguvu huku mwenzake akitazama kutoka mbali. Magurudumu ya mbele ndiyo yanapaswa kuburuza kwanza, na ya nyuma yafuate kwa karibu. Marekebisho yafanywe kidogo kidogo. Jambo hili linagusa hata namna boti inavyokaa kwenye trela. Asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa trela na boti inafaa ikae kwenye ndoano ya pikapu. Kwa kilo 1,200 ni kati ya kilo 84 na 120. Boti ikisogezwa nyuma mno, mashine yake inainua mkia wa pikapu, vali inadanganyika tena, na trela linaanza kuyumba.

Tufungue dramu. Kwa gari la pwani, dramu haitoki kwa nyundo bila kupasuka. Toyota waliweka matundu mawili yenye uzi wa boliti za milimita 8. Kaza boliti kwa zamu na dramu itajisukuma nje yenyewe. Ndani utakuta tope la rangi ya kahawia, kutu iliyochanganyika na vumbi la laini za breki, na chumvi nyeupe kwenye pembe za shuu. Msipulize kwa kompresa. Shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lowesha kwa maji ya sabuni, pangusa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Kisha tazama nyuma ya sahani ya breki. Kwenye Hilux za zamani zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne kuna kiwiko kidogo cha chuma kinachogeuza mvuto wa waya wa hendibreki. Hiki ndicho kinachokufa kwanza Tiwi. Breki za nyuma za magari hayo hujisogeza zenyewe kila hendibreki inapovutwa. Kiwiko kikishikwa na kutu, shuu zinaachana na dramu kadiri zinavyolika, na pedali inashuka. Fundi hudhani ni hewa, anatoa hewa mchana kutwa bila faida. Hasara ya pili ni kwamba hendibreki yenyewe haishiki, na ile ndiyo inayolizuia gari kwenye mteremko wa kushushia boti wakati nahodha amesimama nyuma ya trela, maji yakiwa kiunoni. Toa kiwiko, piga msasa pini yake, tia grisi, rudisha kifuniko cha raba. Ni kazi ya asubuhi moja. Dramu nayo ina kipimo cha mwisho kilichoandikwa juu yake. Ikipita hapo isichongwe tena, inunuliwe nyingine.

Mabomba ya chuma hupasukia pale yanaposhikwa na vibanio kwenye chesisi, kwa kuwa mchanga wenye chumvi hukaa hapo. Yanayofaa ni ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hayashiki kutu kwa urahisi. Na hapa niseme bila kupepesa: ule mtindo wa kukunja bomba la gurudumu moja linalovuja ili gari "lifike" ukome. Gari hilo lina breki upande mmoja tu wa nyuma, na breki ikikanyagwa kwa nguvu litavutwa upande. Halipaswi kufungwa boti.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu mwingi. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205. Ikishanyonya maji hushuka hadi 140. DOT 4 huanza 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka yanafanya mvuke, na pedali inakwenda sakafuni kwenye mteremko wa kutoka Kwale mjini kwenda Kombani. Wengi hushauri yabadilishwe kila miaka miwili. Kwa gari linalovuta boti nasema kila mwaka, kabla ya kaskazi. Kopo lililokaa wazi rafuni lisitumike. Oili ya injini isiguse mfumo huu, wala petroli isioshe raba zake: raba huvimba, na masta silinda hufa. Ukitoa hewa, anza gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwetu ni la nyuma kushoto, na usisahau skrubu ya kutolea hewa ya ile vali kama ipo.

Pedali ikiwa ngumu kama jiwe, tazama busta. Injini za dizeli za Hilux hizo huvutia busta kwa pampu iliyo nyuma ya oltaneta. Kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ishikilie, washa. Isiposhuka kidogo, tafuta kosa kwenye pampu, bomba lake au busta yenyewe.

Hayo yote yakitengenezwa, bado pikapu haikuumbwa kusimamisha kila uzito. Ulaya, trela la zaidi ya kilo 750 lazima liwe na breki zake, na sioni sababu ya sisi kuhitaji chini ya hapo. Breki nyepesi ni ile ya kusukumwa: pikapu ikipunguza mwendo, boti husukuma kichwa cha trela, na kichwa huvuta waya wa breki. Shida yake ni bahari. Habu zenye moto zikizamishwa ghafla hunyonya maji ya chumvi hadi kwenye beringi, kwa hiyo zipoe kwanza. Ukitoka majini, endesha polepole ukigusa breki zikauke, kisha mwagia maji ya kisima ndani ya dramu, siku ileile.

Nawaomba viongozi wa BMU, vikundi vya usimamizi wa fuo, walioko hapa waweke sharti moja kabla ya kaskazi ijayo: boti yoyote itakayotoka ufukweni kuingia barabara kuu ya Likoni–Lunga Lunga ivutwe na gari ambalo dramu zake za nyuma zimefunguliwa na fundi msimu huo, na trela lililopita kilo 750 liwe na breki zake.